Mahali pa Kazi Si Baraza la Kudaia Madeni

Katika maofisi, shule, zahanati na maduka ya miji yetu, kuanzia Mombasa na Nairobi hadi Dar es Salaam na Mwanza, imezuka desturi ambayo wazee wetu, pamoja na shida nyingi walizozipitia, hawakuijua: mtu akichelewa siku chache tu kulipa mkopo alioukopa kwa simu yake ya mkononi, hapigiwi simu yeye peke yake, bali hupigiwa mkuu wake wa kazi, na karani wa mapokezi, na mwenzake anayekaa naye chumba kimoja, na mpigaji, ambaye hajitaji jina lake wala hasemi yuko wapi, hutoa kauli kama hakimu aliyekwisha kata shauri, kwamba fulani ni tapeli, kwamba amekimbia na mali ya watu, na kwamba aambiwe alipe kabla ya adhuhuri la sivyo yatamkuta makubwa. Hapana hati ya mahakama iliyoandikwa, hapana shahidi aliyeulizwa, wala mdeni mwenyewe hakupewa nafasi ya kujieleza. Lakini hukumu imekwisha kutolewa, tena imetolewa mbele ya watu wale wale ambao heshima yake kwao ndiyo inayompa riziki.

Ninaandika makala haya kuipinga desturi hiyo, na napenda msomaji afahamu tangu mwanzo kwamba sikusudii kuwatetea wale wanaokopa kwa nia ya kutolipa. Deni ni amana. Mtu aliyepokea fedha za mwenziwe kwa ahadi, kisha akaifanya ahadi hiyo upuuzi, amedhulumu, na dhuluma haigeuki kuwa haki kwa sababu aliyedhulumiwa ni kampuni yenye mali nyingi. Dawa ya deni ni kulipa. Lakini baina ya wajibu wa kulipa na idhini ya kumfedhehesha asiyelipa pana umbali mkubwa, na ni katika umbali huo ambamo sheria, dini na murua wa watu vimefanya kazi yao tangu zamani. Ukiufuta, mdai na mdeni hubaki wawili tu uwanjani, na mwenye nguvu ndiye atakayekuwa mwenye haki.

Mambo haya hayakuanza kwa ubaya. Huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwezi wa Machi mwaka 2007, iliwafungulia watu njia ya kutuma na kupokea fedha bila ya kuwa na hesabu benki. Mwaka 2012 ikaja M-Shwari, ambayo kwayo mtu aliweza kukopa kiasi kidogo papo hapo kwa simu. Na mwaka 2014 Tanzania ikapata M-Pawa kwa mfano huo huo. Muuza samaki aliyehitaji mtaji wa siku moja, na mzazi aliyepungukiwa karo ya mtoto, waliona neema ambayo mabenki hayakupata kuwapa, kwa kuwa benki ilitaka shamba, nyumba au mdhamini, na wao hawakuwa na lolote katika hayo. Nyuma ya huduma hizo zikafuata programu za mikopo za kila namna, kwa makumi na mwishowe kwa mamia, ambazo mtu huzipakua katika simu yake na kupata fedha kwa muda wa dakika chache; na nyingi katika hizo, kabla hazijatoa hata shilingi moja, zilimtaka mkopaji aziruhusu kuingia katika orodha ya majina na nambari zilizomo simuni mwake. Wengi walibonyeza kukubali bila ya kusoma, maana mwenye haja hana subira ya masharti marefu. Wasilolifahamu ni kwamba saa ile ile walikuwa wanaweka rehani. Mkopeshaji wa zamani alishika hati ya shamba, au bangili ya dhahabu, au ahadi ya kafili. Huyu wa sasa alishika majina ya mama, wifi, imamu au padri, mwenye nyumba, na mkubwa wa kazini, na rehani yenyewe hasa ilikuwa ni aibu ya mkopaji mbele ya watu hao.

Katika wote wanaopigiwa simu hizo, mwajiri ndiye ambaye simu yake humletea mdeni madhara makubwa zaidi, na inafaa tulitazame jambo hili kwa utulivu. Mama akiambiwa kwamba mwanawe anadaiwa atahuzunika, na yumkini atamkaripia, lakini hataacha kuwa mama yake. Mwajiri hana damu inayomfunga na mtu wake. Mwalimu wa shule ya watu binafsi aliye katika mkataba wa mwaka mmoja, mlinzi wa usiku aliyeajiriwa kwa wakala, mtunza fedha wa dukani, mtumishi wa nyumbani, kibarua wa bandarini anayepangiwa kazi asubuhi kwa asubuhi, wote hao hukaa kazini kwa kuaminiwa, na kuaminiwa kwenyewe hakuna hati. Neno moja la mtu asiyejulikana latosha kukuondoa. Mtunza fedha ambaye mkuu wake amesikia kwamba anadaiwa atatazamwa mikono kila jioni fedha zinapohesabiwa, hata kama tangu aajiriwe haijapata kupungua senti. Mwalimu aliyetangazwa katika chumba cha walimu ataingia darasani akijua kwamba wenzake wamekwisha lizungumza jina lake. Wako walioacha kazi wenyewe kwa kushindwa kustahimili macho ya wenzao, na wako walioachishwa kwa kisingizio kingine, kwa kuwa mwajiri hakutaka kuandika katika barua kwamba sababu ni simu aliyopigiwa.

Sasa mtu na ajiulize mdai amepata faida gani. Mshahara ndio uliotarajiwa kulipa deni. Mwenye kuivuruga kazi ya mdeni wake anakifukia kisima ambacho yeye mwenyewe anangoja maji yake. Kama ni hivyo, mbona wanaendelea? Wanaendelea kwa sababu aibu ina haraka kuliko hoja. Mtu aliyepigiwa mkuu wake saa nne hutafuta fedha kabla ya saa sita, naye huzitafuta mahali pa karibu zaidi, yaani katika programu nyingine ya mikopo, kwa riba nyingine na masharti mengine asiyoyasoma. Katika daftari la mkopeshaji wa kwanza inaandikwa kwamba amelipa. Kwa kweli deni halikulipwa, limehama. Na baada ya wiki mbili simu itapigwa tena katika ofisi ile ile, na sauti itakuwa nyingine. Mkusanyaji anayelipwa kwa kadiri ya anachokusanya siku ile hana haja ya kujua yatakayotokea baada ya wiki mbili, na kampuni inayomlipa kwa utaratibu huo imechagua isijue.

Nisije nikadhaniwa kuwa ninawasemea watu wa maofisini peke yao. Wengi wetu kazi zetu hazina mlango wala mapokezi. Mahali pa kazi pa mama lishe ni jiko lake chini ya mwembe. Pa dereva wa bodaboda ni kijiweni. Pa muuza mitumba ni meza yake sokoni. Huko Tanzania watu wameipa mikopo ya riba kali, inayolipwa kila siku au kila wiki, jina la kausha damu, na waliopitia mikopo hiyo wanajua kwamba mdai wake hana haja ya kupiga simu: huja mwenyewe saa ya wateja wengi, akaketi kwenye benchi lao, akalitaja deni kwa sauti ya kusikika na wote, na asiondoke mpaka amepewa chochote, au sufuria na mtungi wa gesi vimechukuliwa. Mteja aliyekuja kula wali na maharage huona haya kuliko hata mdeni, akaondoka, na kesho akala kwa jirani. Hilo nalo ni kumdai mtu kazini, tena ni kali kuliko simu, maana chombo kinachochukuliwa ndicho chombo cha kazi, na bila ya sufuria hapana wali, na bila ya wali hapana rejesho la wiki ijayo. Wanawake ndio wanaobeba sehemu kubwa ya mzigo huu, kwa kuwa ndio wakopaji wa mikopo ya vikundi, na matusi wanayotukanwa, ya hadharani na ya simuni, ni ya namna ambayo gazeti la watu wenye adabu haliwezi kuyachapa.

Serikali hazikulala kabisa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, ilimpa kila mtu haki ya mambo yake na ya jamaa zake yasifichuliwe pasipo na sababu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ikaifanya haki hiyo iwe na mlinzi. Mwezi wa Desemba mwaka 2021 Benki Kuu ya Kenya ilipewa mamlaka juu ya wakopeshaji wa kidijitali, na mwezi wa Machi mwaka 2022 zikatoka kanuni zinazomkataza mkopeshaji kutumia vitisho na lugha chafu, kuingia katika orodha ya majina ya mteja ili awatumie watu ujumbe mteja anapochelewa, kuwapigia simu watu hao bila ya idhini, na kumtangaza mdeni hadharani. Kufikia Septemba mwaka ule maombi ya leseni yaliyofika Benki Kuu yalikuwa 288, na waliokwisha pewa leseni walikuwa 10 tu, jambo linalotupa picha ya soko lilivyokuwa limetapakaa kabla sheria haijaligusa. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, chini ya Kamishna Immaculate Kassait, iliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi milioni 5, na nyingine shilingi 2,975,000, kwa kosa la kuwasumbua watu kwa taarifa zilizochukuliwa katika simu za wakopaji. Mwezi wa Mei mwaka huo huo kampuni ya Google nayo ilizikataza programu za mikopo zilizomo katika duka lake zisiingie katika majina wala picha za mteja.

Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika mwezi wa Mei mwaka 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi wa Aprili mwaka 2024. Benki Kuu ya Tanzania, inayowasimamia wakopeshaji wadogo kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ilitoa mwaka 2024 mwongozo wa mikopo ya kidijitali unaogusa uwazi wa riba na tozo, namna ya kudai, na siri za wateja. Na mwezi wa Novemba mwaka huo ikatangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila ya leseni. Hizi ni hatua za kushukuriwa, na watumishi wa umma waliozisimamia wanastahili kuambiwa hivyo.

Hata hivyo, nikizitafakari sheria hizi naona jicho lao limeelekezwa zaidi kwenye orodha ya majina iliyomo ndani ya simu, ilhali jina la mwajiri mara nyingi halikuchukuliwa humo. Mkopaji aliliandika mwenyewe katika fomu, alipoulizwa anafanya kazi wapi na nambari ya ofisi ni ipi. Mkopeshaji akiulizwa, husema basi kwamba nambari amepewa na mwenyewe. Jibu hilo laonekana kuwa na nguvu, lakini halina. Sheria za nchi zote mbili zimeweka kanuni kwamba taarifa ya mtu iliyokusanywa kwa kusudi moja isitumiwe kwa kusudi jingine lisilolingana nalo. Mtu aliyemtaja mwajiri wake ili kuthibitisha kwamba ana kipato hakumpa mkopeshaji ruhusa ya kwenda kumshitaki kwa mwajiri. Kanuni hiyo ipo. Isipokuwa imekaa juu mno, katika lugha ya wanasheria, na karani wa mapokezi anayeshika simu hajui kwamba inamhusu. Ndiyo maana nasema tunahitaji kifungu kinachoitaja kazi kwa jina lake.

Mfano uko Marekani, nchi ambayo biashara ya kukusanya madeni ni kubwa na ya muda mrefu. Sheria yake ya kudai madeni kwa insafu ilitiwa saini na Rais Jimmy Carter mwezi wa Septemba mwaka 1977, ikaanza kutumika mwezi wa Machi mwaka uliofuata, na ndani yake Bunge la nchi hiyo lilikiri kwamba udaiji wa jeuri huchangia watu kufilisika, ndoa kuvunjika, na watu kupoteza kazi. Mkusanyaji hapigi simu kabla ya saa mbili asubuhi wala baada ya saa tatu usiku. Akimtafuta mdeni kwa kuwauliza watu wengine anakaa wapi, haruhusiwi kuwaambia kwamba mtu huyo anadaiwa. Mdeni akimwandikia kwamba hataki tena kuwasiliana naye, hana budi kunyamaza, isipokuwa kwa kumwarifu hatua atakayoichukua. Deni hubaki pale pale, na mahakama hubaki wazi, lakini kelele hukoma. Kanuni za mwaka 2021 zikaongeza kwamba atakayepiga zaidi ya mara saba katika siku saba kwa deni moja atahesabiwa kuwa amevuka mpaka hadi athibitishe vingine. Sheria hiyo ina upungufu wake, maana inawabana wakusanyaji wanaodai kwa niaba ya wengine kuliko inavyombana mkopeshaji mwenyewe, na sisi tusiuige upungufu huo.

Lililonivutia zaidi katika sheria ile ni nafasi aliyopewa mwajiri. Mkusanyaji hakatazwi tu moja kwa moja kupiga simu kazini. Anakatazwa pale anapojua, au anapokuwa na sababu ya kujua, kwamba mwajiri hakubali mtu wake apokee simu za namna hiyo. Maana yake ni kwamba mwenye ufunguo ni mwajiri. Akisema hapana, na mdai akaambiwa, basi simu inayofuata ni uvunjaji wa sheria. Katika mijadala yetu yote juu ya mikopo ya simu tumezungumza na Benki Kuu, tumezungumza na wakopeshaji, tumewahubiria wakopaji juu ya tamaa na matumizi mabaya, na wakati wote huo mwajiri ameketi pembeni kama mtu asiyehusika, ilhali simu inalia mezani pake na ulimi wake ndio unaoamua kama itamdhuru mtu au haitamdhuru.

Mwajiri anaweza kufanya mengi bila ya kungoja Bunge. Anaweza kuandika tangazo la nusu ukurasa kwamba ofisi yake haipokei simu wala ujumbe wa kudai madeni binafsi ya watumishi, likabandikwa mapokezi na kupewa kila mtumishi nakala ambayo ataweza kuituma kwa mdai wake. Anaweza kumfundisha karani wake jibu moja lisilobadilika, kwamba mambo binafsi ya watumishi hayazungumzwi hapa, na kumzuia asithibitishe hata kama mtu anayetajwa anafanya kazi hapo. Anaweza kuamuru kwamba hapana faili la nidhamu litakalofunguliwa kwa sababu ya simu ya mtu asiyejulikana. Hati ya mahakama ikija, na ipokewe na itiiwe, maana sheria ina njia zake za kuufikia mshahara; sauti ya simuni haina mhuri. Na tukumbuke kwamba hata hapo sheria imeweka kiasi: Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 hairuhusu jumla ya makato ipite theluthi mbili za mshahara, ili mfanyakazi abaki na cha kumwezesha kuishi. Ikiwa dola imeona ni haki kuulinda mshahara usiliwe wote, yawaje iiache kazi yenyewe, inayouleta huo mshahara, iharibiwe kwa neno la mpita njia?

Wakopeshaji wana hoja yao, nami siidharau. Wanasema kwamba wanamkopesha mtu asiye na rehani wala mdhamini, kwamba wako wanaobadilisha kadi ya simu na kutoweka, na kwamba deni la shilingi elfu tatu haliwezi kupelekwa mahakamani kwa kuwa gharama ya shauri itashinda deni. Ni kweli kwamba mkopo mdogo una hatari kubwa. Lakini hatari hiyo imekwisha lipiwa: ndiyo iliyotajwa kuwa sababu ya riba kuwa juu kuliko ya benki, na kila mkopaji mwaminifu anailipa pamoja na deni lake. Haimjuzii mtu kuchukua bei ya hatari kisha akaikataa hatari yenyewe. Tena njia za haki hazikosekani. Kuna taasisi za kumbukumbu za wakopaji, ambazo humnyima mdeni mbaya mkopo mwingine bila ya kumtukana mbele ya watu. Nchini Kenya, Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na hutakiwa kuyamaliza katika siku 60. Tanzania zipo mahakama za mwanzo karibu na watu. Na iko njia nyingine ambayo haina gharama yoyote, nayo ni kumpigia mdeni mwenyewe, kwa simu yake mwenyewe, baada ya saa za kazi, kumwuliza ana nini na ataweza nini, na kuandikiana muhula mpya.

Kuweka sheria baina ya mwia na mdeni si fikira tuliyoletewa jana. Waislamu wa pwani hii wamefundishwa kwa karne nyingi kwamba mdeni aliye katika dhiki hupewa muhula mpaka apate wasaa, na kwamba kumsamehe ni sadaka. Na kitabu hicho hicho kinachoamrisha muhula ndicho kinachoamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe, ili pasiwe na dhuluma kwa upande wowote. Hata serikali ya ukoloni, ambayo haikuwa na huruma nyingi, ilipoona mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yanateketea kwa madeni katika miaka ya 1930, ililazimika kuingilia, na amri ya mwaka 1934 ikazuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamishwe kwa watu wengine bila ya idhini. Makusudio ya amri ile yalikuwa na siasa ndani yake, na wenye kudai waliilalamikia sana. Ninachokitaja hapa ni kwamba hata wakati ule ilifahamika kuwa nchi haiwezi kukaa kimya deni linapokula chanzo cha riziki za watu. Leo chanzo cha riziki cha watu wa mjini si karafuu. Ni kibarua, ni mkataba, ni benchi la wateja.

Basi mtu ambaye simu imekwisha pigwa kazini kwake afanye nini? La kwanza, asijifiche, wala asizime simu, kwani ukimya humpa mdai kisingizio. Amwambie mpigaji ataje jina lake, kampuni yake na leseni yake, na aandike saa, tarehe na nambari. Ujumbe wa matusi asiufute kwa hasira, maana huo ndio ushahidi wake. Kisha amwandikie mkopeshaji, kwa njia itakayobakia kama hati, kwamba deni analijua, kwamba anaweza kulipa kiasi fulani kwa siku fulani, na kwamba mwajiri wake hakubali simu za madeni, hivyo asipige tena pale. Fedha yoyote atakayotoa alipe kwa nambari rasmi ya kampuni, wala si kwa nambari ya mkusanyaji, na adai risiti. Mkuu wake wa kazi ni bora amsikie yeye kabla ya kumsikia mgeni. Maneno mawili ya kweli yaliyosemwa mapema faraghani humwondolea mdai silaha yake yote. Wasipoacha, ashitaki kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kama yuko Kenya, ambayo kisheria hutakiwa kulimaliza lalamiko katika siku 90, au kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kama yuko Tanzania, na aiarifu Benki Kuu ya nchi yake. Asiache kulipa kwa sababu ametukanwa. Matusi ni kosa la mdai, na deni bado ni wajibu wa mdeni.

Na wabunge wetu, wa Nairobi na wa Dodoma, ninawaomba waongeze kifungu kimoja chepesi kusomeka: kwamba hapana mkopeshaji, wala wakala wake, atakayezungumza deni la mtu na mwajiri wake, wala na mfanyakazi mwenzake, wala na mteja wake, wala atakayemfuata mdeni mahali anapofanyia kazi, iwe ofisini au gengeni, isipokuwa kwa amri ya mahakama, na kwamba atakayefanya hivyo atamlipa fidia yule aliyefedheheshwa, mbali na faini ya serikali. Faini iingiayo hazina ya nchi haimrudishii mtu kazi yake. Kwa upande wa waajiri sioni la kungojwa. Msomaji uliyekabidhiwa ukuu wa watu, simu hiyo ikikufikia kesho, usimwite mtu wako mbele ya wenzake. Andika nambari iliyopiga na saa iliyopiga, mwite faraghani, umpe karatasi hiyo aipeleke kwa Kamishna au kwa Tume, kisha umwambie arudi kazini.